Kwa Nini Bata Halowi

Enzi zile, kabla milima haijachagua pa kukaa, bata alikuwa analowa. Msicheke. Alikuwa analowa kama tambara la kudekia. Manyunyu ya kupita tu, yale ambayo hata kuku anayadharau, yalitosha kumfanya anywe ndoo saba za maji, akawa mzito hawezi hata kupepesa jicho. Ilibidi mtu amshike, amkamue taratibu kuanzia shingoni mpaka mkiani kama anavyokamua kanga, halafu amwanike kwenye kamba na kibanio. Mvua ikikatika pale kijijini Kitopeni, kamba zote zilijaa nguo na bata, na bata wanaimba. Bata wa enzi zile alikuwa na sauti bwana! Akianza kuimba, maziwa yanaganda yenyewe kwenye kibuyu, na watu wazima wanasahau walikuwa wanagombania nini.

Hapo Kitopeni aliishi mjane mmoja, Bi Kidawa, mpishi wa maandazi. Kumwita mpishi ni kumpunguzia. Andazi lake lilikuwa jepesi, likitoka karaini lazima ulifunge uzi, la sivyo linapaa zake na kwenda kuwa chakula cha mwewe. Alikaangia mafuta ya mkia wa kondoo, na kondoo wa siku hizo mkia wake ulibebwa na wanaume wanne, tena kwa kupokezana.

Sasa kijiji kilikuwa na mwiko wake: mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yasilale ndani. Yakilala ndani, walisema, yanaota ndoto za moto na nyumba inaungua. Kwa hiyo kila jioni, yaliyobaki karaini yalibebwa yakamwagwe mbali, kule vichakani. Bi Kidawa naye jiko lake lilikuwa juu kidogo ya chemchemi, ile moja tu ya kijiji kizima. Jioni moja miguu ilimuuma, akaona ah, nani ataona. Akayamimina ukingoni mwa maji.

Yale mafuta yakatandaa juu ya maji, jua la magharibi likayapiga, na rangi zikaamka. Zambarau ikaingia kwenye kijani, kijani kikayeyukia kwenye dhahabu, zote zinateleza polepole bila haraka ya kufika popote. Bi Kidawa alikaa juu ya kigoda chake, mkono shavuni. Rangi zile zilikuwa ndizo zile za kitambaa alicholetewa na marehemu mumewe siku ya posa. Kitambaa kilishachakaa, mume amelala pale nyuma ya jiko, penye migomba, na hakuna aliyebaki wa kumwambia habari za siku ile. Lakini maji yalikuwa yanazikumbuka.

Kesho yake akamimina tena. Keshokutwa akachimba kamfereji, kutoka mafigani mpaka ukingoni, ili amimine akiwa ameketi. Ikawa kila jioni. Wapita njia walimwona anatabasamu peke yake, wakadhani ni utamu wa maandazi.

Basi ukaingia msimu wa baridi. Baridi ya siku zile ilikuwa kali mno, mtu akisema neno asubuhi, linasikika mchana likishapata joto. Na nyie mnajua mafuta ya mkia yakipigwa na baridi yanavyokuwa. Asubuhi moja akina mama walishuka na mitungi, wakakuta chemchemi imefunikwa. Mfuniko mweupe, mnene, kutoka ukingo huu mpaka ule. Mbuzi kumi na tisa walikuwa juu yake wanacheza, hata mmoja hajalowa kwato. Huku chini maji yanasikika yakigonga, du, du, du, kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Wanaume wakaleta majembe, majembe yakateleza, wao wakateleza nyuma ya majembe. Mmoja aliteleza mpaka kijiji cha jirani, akaoa huko huko. Wakataka kuyeyusha kwa moto, mkuu wa kijiji, Mzee Shekiondo, akakataa.

"Chemchemi ikisikia moto kichwani inahama," alisema. "Ikihama, nani kati yenu ataifuata?"

Halafu akainama, akafuata kamfereji kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka mafigani kwa Bi Kidawa. Hakuhitaji kuuliza.

"Dada Kidawa. Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, kaka."

"Maandazi tumekula wote, kwa hiyo sikutukani. Nakupa siku tatu. Jua la tatu likizama na maji hayajatoka, utafunika karai lako, utafute pengine pa kupikia. Sisi hatuwezi kunywa mafuta."

Bi Kidawa hakulia mbele za watu. Alienda nyuma ya jiko, akasimama penye migomba. Kuhama si kitu, karai linabebeka. Kaburi je, linabebwa na nani?

Kwenye kamba hapo alikuwa ameanikwa bata wake, jike mmoja mnene, bado anachuruzika maji ya mvua ya jana. Bi Kidawa ndiye aliyekuwa akimkamua tangu akiwa kifaranga, mikono yake ikimpitia taratibu huku anamwimbia.

"Mama," bata akaita, "hebu nitoe kibanio."

"Hujakauka wewe."

"Nitakaukia mbele ya safari. Mimi kifua changu kinaangua mayai kumi na manne, kitashindwa mafuta?"

"Na mfuniko ukitoboka je? Utazama kama jiwe, mwanangu."

"Basi utakuja kunikamua," bata akasema, akacheka kile kicheko chake kama kengele.

Akateremka mpaka kwenye mfuniko, akalala katikati kama analalia mayai. Joto la kifua likaanza kulainisha mafuta. Yaliyolainika akayachota kwa mdomo, na kwa kuwa hakuwa na pa kuyaweka, akajipaka. Unyoya mmoja, unyoya wa pili, bawa, mgongo, mkia. Mengine yaliteleza yenyewe kooni. Siku ya kwanza alikuwa bado anaimba. Siku ya pili wimbo ukaanza kukwaruza. Siku ya tatu ameshabeba mafuta mazito kuliko yeye mara arobaini, miguu imepinda kama mpini mbichi, na sauti imebaki kwaa, kwaa. Bi Kidawa alikaa ukingoni muda wote huo. Hakupika. Kijiji kizima kilikaa nyuma yake, mitungi mitupu mapajani, kama watu wanaoota ndoto moja.

Jua likagusa vilima. Mzee Shekiondo akainuka, akafungua mdomo. Hapo hapo mfuniko ukapasuka, krraa! Maji yakaruka juu yakaliosha jua uso. Bata akazama.

"Mwanangu!" Bi Kidawa akajitupa majini na nguo zake, akawa anapapasa huku na huku. Hakuna kitu. Maji tu, baridi, yanapanda na kupanda.

Kisha, karibu kabisa na shavu lake, puu! Bata akaibuka kama kizibo. Yuko juu ya maji, ametulia, anazunguka taratibu mwenyewe anashangaa. Bi Kidawa akamkumbatia, mikono ikaenda kwenye kazi yake, shingoni mpaka mkiani, akakamua. Halikutoka hata tone. Yeye ndiye aliyelowa chepechepe, bata ndiye mkavu.

"Kwaa," bata akamwambia, kwa upole sana.

Kamfereji kalifukiwa jioni ile ile. Mwiko nao Bi Kidawa akauwekea njia: mafuta yaliyobaki aliyaacha yapoe, akayamwagia kwenye majivu ya jikoni, majivu yakanywa yote, yasibaki mafuta ya kulala ndani, na bonge lile akawashia moto asubuhi. Wanawake wengine wakaona, wakaiga. Na mvua ikinyesha, mama yule alitoka nje kwa mazoea na kumkamua bata wake, na bata alitulia akakamuliwa, ingawa wote wawili walijua hakuna cha kukamua.

Na tangu siku hiyo mpaka leo hii tulivyokaa hapa, bata halowi, anayumba akitembea kwa ule mzigo, na kila akipata nafasi anachota mafuta mkiani kwa mdomo na kujipaka. Mtazameni dume lake shingoni jua likimpiga: zambarau inaingia kwenye kijani, kijani kinayeyukia kwenye dhahabu. Na jioni ukitoka jikoni na karai lenye mafuta yaliyobaki, geuka nyuma. Utamkuta anakufuata, kwaa, kwaa, na haondoki mpaka aone yameingia kwenye majivu.