Nira za Mjane Hogla

"Nira mpya haichubui siku ya kwanza." Mmemsikia muuza zeituni akisema hivyo liwali mpya alipokuwa akigawa mikate, mkacheka, kisha mmenijia bibi yenu kuuliza maana. Basi wekeni mikate hiyo chini kwanza. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia nyumbani kwetu.

Nilikuwa msichana Wayunani walipotutawala. Walitulazimisha kufanya kazi siku ya Sabato, na aliyekataa alichapwa hadharani. Warumi walipokuja kuwafukuza, baba yangu Elkana, mlinzi wa lango la mji, aliwafungulia kwa mkono wake mwenyewe. Akida wao akaapa kwamba Sabato yetu haitaguswa. Sabato ya kwanza hata tarumbeta za kambini alizinyamazisha. Watu wazima walilia kwa furaha. Baba alisema, "Huyu ametumwa na Mungu," akamwombea maisha marefu mbele ya mkutano wote.

Mjane Hogla peke yake hakuitikia amina. Kazi yake ilikuwa kuchonga nira za ng'ombe, na hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Elkana," alimwambia, "wanunuzi wangu hupapasa nira mpya wakasema ni laini. Mimi huwaambia wakamuulize ng'ombe baada ya wiki."

"Wewe mama, hata malaika akishuka utamkagua mabawa!" baba akajibu. Watu waliangua kicheko, na mimi nikiwamo.

Sabato ya pili tulikuwa katika sinagogi, mikono mitupu kama ilivyo desturi yetu: hakuna upanga, hakuna hata fimbo. Askari wa akida waliingia kimya kimya, wakawafunga kamba vijana wote wa kiume ili wapelekwe machimbo ya mawe. Wa kwanza kufungwa alikuwa kaka yangu Asafu, mwana pekee wa baba.

Baba alimkimbilia akida. "Bwana wangu! Si wewe uliyenyamazisha tarumbeta kwa ajili ya Sabato yetu?"

"Ndiyo," akida akajibu kwa upole. "Nilitaka kuona kama ni kweli kwamba siku hii hamshiki silaha."

Wajukuu zangu, Wayunani walituchapa kwa sababu ya Sabato. Huyu aliitunza wiki nzima ili atunasie humo!

Asafu hakurudi. Sabato ilipokwisha, baba alikwenda kwa Hogla, akaketi kati ya nira ambazo hazijauzwa, akapapasa moja kwa muda mrefu.

"Ni laini kweli," akasema, akajishika shingo. Hogla hakumcheka. Alilia pamoja naye.

Haya, okoteni mikate yenu mle, maana njaa haina methali. Lakini msiniambie tena kwamba liwali huyu ni mtu mwema. Amefika jana tu, na nira mpya haichubui siku ya kwanza.