Kufuli la Semboja na Koki ya Mita

Wewe unayefunga mizigo, weka begi chini usome kwanza. Ukimaliza, mpelekee na mwenzako mwenye safari.

Palikuwa na bwana mmoja Morogoro, Semboja, mwenye binti wa kuolewa. Mchele, sukari, vitenge na magodoro ya harusi vilijaa chumba kizima, vimepangwa sakafuni. Kabla ya sherehe, familia yote ilikuwa ipande Lushoto kumchukua bibi wa binti huyo. Nyumba ilijaa mchecheto. Semboja mwenyewe, pamoja na mvi zake, alirukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Kilichomtisha ni wezi tu. Alinunua kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Kisha akaingia bafuni, akaliziba tundu la maji machafu kwa tambara, mende wasije wakapanda.

"Baba Rehema," mkewe Hidaya akaita, "umefunga koki ya mita ya maji?"

"Nifunge nini? Kwa mgao huu, mabomba yana upepo tu. Sikiliza!"

Akafungua bomba la bafuni mpaka mwisho. Fyuuu! Akacheka. Mara bajaji ikapiga honi nje. Akatoka mbio, bomba akaliacha vile vile.

"Tumwachie Bi Tunu ufunguo?" Hidaya akauliza.

"Jirani yule? Tukirudi, mtaa mzima utajua tuna mashuka mangapi!"

Ni kweli, mdomo wa Bi Tunu haukuwa na pazia.

Basi wakaenda, wakala mapeasi, wakacheza ngoma, wakarudi na bibi wakiimba tangu kituo cha basi.

Mlangoni nyimbo zikakatika. Kufuli lilikuwa chini, komeo limeng'oka.

"Mwizi! Harusi imekwisha!" Semboja akaingia ndani.

Mchele ulikuwa juu ya meza. Magodoro juu ya kabati. Vitenge vikavu. Bafuni, bomba limefungwa. Lile tambara lake lilining'inia kwenye kamba, limefuliwa.

"Mwizi ni mimi," Bi Tunu akasema nyuma yake, mikono kiunoni. "Maji yamerudi wewe uko huko unakula mapeasi. Tundu umeliziba kwa mikono yako, yapite wapi? Nimeyaona yakichungulia chini ya mlango, nikaja na shoka la kuni. Kufuli lako gumu, baba! Lingekuwa laini kidogo, na godoro lako la kulalia lingepona."

"Limelowa?"

"Limekufa. Na mashuka nimeyaona. Matatu, mawili yana viraka."

Hidaya alicheka mpaka akakalia begi. Bibi akapiga kigelegele.

Kesho yake Semboja akanunua kufuli jingine. Ufunguo mmoja akaweka mfukoni, wa pili akampelekea Bi Tunu mwenyewe, mchana kweupe. Na siku ya harusi, nani alishika upawa wa wali? Bi Tunu.

Funzo: Kabla hujamfungia mwizi mlango, yafungie maji koki, na ufunguo mwachie jirani hata akiwa mmbea, maana umbea haujawahi kuozesha mchele.