Sahihi Tatu za Kitabu cha Nne

Ndugu zangu, leo sikuwaletea mkulima wala mfalme. Nimewaletea mwanamke mpiga pasi. Jina lake silitaji, maana nawajua, mtaanza kugeuza shingo kumtafuta humu ndani. Mji wake nao uacheni. Ulikuwa mji mdogo wenye soko, stendi na ukumbi mmoja wa bati, na ndani ya ukumbi huo kulikuwa na kabati la vitabu. Hayo yanatutosha.

Mwanamke huyo alipiga pasi nguo za watu pale sokoni, pasi ya mkaa, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Na alipenda vitabu kuliko chakula. Alikuwa mwanachama wa chama cha wasomaji waliolitunza kabati lile, na chama hicho kilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi ya kwanza ya Januari walikutana ukumbini, mmoja mmoja akasimama na kutaja idadi ya vitabu atakavyosoma mwaka ule. Ukishamaliza kitabu, unakirudisha, unafungua daftari kwenye ukurasa wa kitabu hicho, unaandika “Nimekimaliza”, unatia sahihi. Desemba sahihi zinahesabiwa. Mwenye nyingi anapewa saa ya ukutani. Asiyefikisha kumi na mbili anafutwa uanachama, na kabati anabaki kulisikia kwa wenzake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu ni wajanja. Vitabu vingi vya kabati lile vilikuwa hadithi ndefu zilizogawanywa vitatu, vinne, hata sita. Kitabu cha kwanza huwa chembamba. Cha mwisho unaweza kuzuilia mlango siku ya upepo. Na katika hesabu ya chama, kitabu ni kitabu. Wewe ungefanyaje? Watu walisoma vya kwanza tu! Ungeliona kabati lile ungecheka. Vya kwanza vimechakaa, majalada yameshikizwa kwa plasta, na vya mwisho vinang'aa, bado vinanukia gundi. Mji mzima ulijua hadithi zote zinavyoanza.

Mpiga pasi naye alikuwa hivyo hivyo, tusimvishe utakatifu asiokuwa nao. Alitaja hesabu kubwa kila Januari, akachukua vyembamba, akapigiwa makofi. Alikuwa na hadithi kumi na moja alizoziacha njiani, na alilala usingizi mzuri tu.

Kisha mama yake akapatwa na kiharusi. Akawa mtu wa kitandani, ulimi mzito, lakini akili timamu kabisa. Siku moja mwishoni mwa Desemba, binti akiwa anamlisha uji, mama akamshika mkono.

“Mwanangu, yule mwanamke wa mtamba alifika kwao?”

Binti alibaki na kijiko hewani. Miaka sita nyuma alikuwa amemsomea mama yake hadithi ya mwanamke aliyechukuliwa kwao akiwa msichana, halafu ukubwani akaanza kurudi kwa miguu, yeye, mume wake na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Alimsomea kitabu cha kwanza na cha pili. Januari ikaingia, hesabu mpya ikaanza, akaiacha. Mama hakuuliza neno. Kumbe miaka yote sita alikuwa anamfikiria yule mwanamke aliyeachwa barabarani!

“Sijui, Mama,” akasema.

“Basi nijulishe. Mimi sina mwaka mwingine wa kusubiri.”

Maneno hayo yalimchoma. Akachukua kalenda ya mwaka unaokwisha, akaigeuza, akaandika mpango wake upande wa nyuma. Vitabu vyote vinne, kuanzia mwanzo, maana mama alikuwa amesahau mengi. Kurasa sita kila alasiri, kwa sauti, pale dirishani penye mwanga. Akapiga hesabu akaona atafika mwisho Novemba, na hakuna nafasi ya kitabu kingine chochote. Akapiga moyo konde.

Januari ikafika. Mwenyekiti wa chama, karani mstaafu aliyekwisha kushinda saa tatu za ukutani, akasimama na kutangaza vitabu sitini. Makofi! Wengine wakataja thelathini, arobaini. Zamu ya mpiga pasi ikafika.

“Vinne,” akasema.

“Vinne kwa mwezi?” mwenyekiti akauliza.

“Kwa mwaka. Vyote vya hadithi moja. Naanza cha kwanza, namalizia cha nne.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Katibu akaweka kalamu chini ili acheke vizuri.

“Dada yangu,” mwenyekiti akasema, “kanuni unaijua. Chini ya kumi na mbili, Desemba tunakufuta.”

“Mnifute hiyo Desemba, Mwenyekiti. Kabla ya hapo mimi ni mwanachama, na kabati nitalifungua.”

Akachukua kitabu chake, akaondoka wakiwa bado wanacheka.

Wakaanza, yeye na mama. Na mama hakuwa msikilizaji wa kunyamaza. Aligombana na watu wa kitabuni, aliwaonya, aliwaita wapumbavu. Mume wa yule mwanamke alipofariki katika kitabu cha pili na kuzikwa kando ya njia, mama alilia, akakataa na uji. Katika kitabu cha tatu mtamba alizaa, wakachekelea wote wawili. Mwezi wa nane binti akaleta cha nne, akakifungua, na mgongo wa kitabu ukalia kwa ugeni, kama kitu kisichowahi kufunguliwa. Hakushangaa sana. Alikuwa na haraka ya kufika.

Oktoba, alasiri moja, mwanamke wa kitabuni alipanda kilima cha mwisho. Akaona moshi wa kwao. Ng'ombe akavuta kamba. Binti akafungua ukurasa uliofuata, akasoma kimoyomoyo kabla ya kutoa sauti: “Kideri. Ugonjwa huu huwapata kuku wa rika zote.”

Akadhani amepitiliza. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Kuku! Chanjo za kuku, chakula cha kuku, mabanda ya kuku, mpaka jalada. Huko kiwandani walikuwa wamekosea, wakashonea mkia wa kitabu cha ufugaji kwenye hadithi ile.

“Ehe?” mama akasema. “Amefika?”

“Subiri kidogo, Mama. Kurasa zimegandana.”

Kesho yake akaenda ukumbini kulitazama daftari, akautafuta ukurasa wa kitabu cha nne. Hapo akakuta sahihi tatu. Watu watatu walikuwa wameandika “Nimekimaliza”, na wa kwanza wao ni mwenyekiti. Mnadhani alikasirika? Alifurahi! Akawaza labda walisoma nakala nyingine kabla ya hii kuletwa. Alitafuta kila njia ya kuwaamini, maskini, kwa sababu mgonjwa wake alikuwa anangoja. Akakimbilia nyumbani kwa mwenyekiti.

“Mzee, kitabu cha nne ulikimaliza?”

“Si umeiona sahihi yangu?”

“Nimeiona. Basi tafadhali, kesho uje umwambie mama mwisho wake. Katika hiki kilichopo kurasa za mwisho hazimo.”

Hapo mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Neno moja tu lilihitajika, “sikukisoma”, na yote yangekwisha hapo barazani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema atakuja.

Kesho yake, alipoambiwa mwenyekiti anakuja, mama aliomba aogeshwe. Akaomba avishwe kanga mpya, ile iliyokuwa ikitunzwa sandukuni, kwa sababu leo ataambiwa kama yule mwanamke alifika. Binti akampandisha kwenye mto. Mwenyekiti akaingia, akakaa karibu na kitanda, kofia magotini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Niambie. Alifika?”

“Alifika, mama. Alifika salama salimini. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni anamngoja. Wakakumbatiana, wakalia kwa furaha.”

Binti alitazama sakafu, akasikia uso unawaka kwa aibu ambayo hata haikuwa yake. Mama akamkazia macho yule mzee.

“Mume wake,” akasema polepole, kwa ule ulimi mzito, “tulimzika kitabu cha pili.”

Mwenyekiti akachukua kofia yake magotini. Akasema labda amechanganya na hadithi nyingine, unajua mtu akisoma vitabu vingi. Akasimama, akaaga, akatoka. Mama akamgeukia binti yake.

“Na wewe? Eti kurasa zimegandana?”

Binti akalia. Akamweleza yote, kiwanda, kideri, mabanda. “Mwisho haumo, Mama. Nimekuchelewesha miaka sita, na sasa mwisho wenyewe haumo.”

Mama akacheka, kicheko cha nusu mdomo, maana nusu nyingine haikuwa ikimtii.

“Nisomee hizo za kuku,” akasema. “Aliyeziandika angalau alikuwa anamjua kuku.”

Akamsomea. Kurasa sita kila alasiri, kama walivyopanga. Mama alifariki Novemba, wakiwa wamefika kwenye malezi ya vifaranga. Hakupata kujua.

Desemba wakakutana ukumbini. Mwenyekiti, uso mkavu, akasoma hesabu ya kila mtu, yeye akiwa na sahihi sitini na moja. Akafika kwa mpiga pasi. “Vitabu vitatu. Cha nne hakukitia sahihi. Kwa mujibu wa kanuni, jina linafutwa.”

Mwanamke akasimama akiwa na kitabu cha nne mkononi, akaenda hadi mbele. Watu walidhani amekuja kuomba msamaha kwa sababu ya msiba. Akavuta daftari, akachukua kalamu ya katibu, akaandika chini ya zile sahihi tatu, huku akisoma kwa sauti ili na waliokaa nyuma wasikie: “Sikukimaliza. Kuanzia ukurasa wa mia nne na kumi ni mambo ya kuku. Mwisho wa hadithi haumo humu, na hajausoma mtu yeyote aliyesaini hapa.” Akatia sahihi. Akakifunua kitabu mahali penye kideri, akakiweka mbele ya mwenyekiti.

“Sasa nifuteni,” akasema, akatoka.

Naona mnawacheka kuku. Chekeni, hata mimi nilicheka. Lakini niambieni, kosa la yule mzee lilikuwa nini? Kulidanganya daftari? Daftari ni karatasi, halina homa wala kiu. Mimi sina ugomvi naye kwa sababu ya daftari. Nina ugomvi naye kwa sababu kuna mgonjwa aliyeogeshwa akavishwa kanga mpya kwa ajili ya sahihi yake! Mtu aliiamini. Mtu alijikokota kutoka kwenye maumivu yake, akaja kuchota pale tulipoandika kwamba pana maji, akaambulia patupu.

Na sisi je? Ninyi mliosimama hapa mbele mkasema katika shida na raha, mkapigiwa vigelegele, mkeo alipoanza kuumwa ulikuwa wapi? Ninyi mliomwambia mfiwa “tuko pamoja nawe”, mlirudi lini? Sisi ni hodari wa vitabu vya kwanza. Tunajua kuanza kufunga, kuanza kusamehe, kuanza kumlea yatima. Mlangoni pa kila kitu tumetia sahihi kwa wino mzito. Halafu tunaogopa nini kusema “huko sijafika”? Nani alikufa kwa kusema hivyo? Mimi sikubali tena, na ninyi msikubali. Msinihesabie vitabu. Nionyesheni mahali mlipofika kweli, hata kama ni ukurasa wa tatu, tuanzie hapo pamoja bila haya.

Kuna karatasi imebandikwa ukutani pale nyuma, karibu na mlango. Ni ule mpango wetu wa kusoma Biblia nzima wa mwaka uliopita, wenye majina na sahihi za wote waliomaliza. Jina la kwanza ni langu. Niliposaini, mlinipigia makofi. Sikumaliza, ndugu zangu. Niliishia mwezi wa tano. Na mwezi wa nane mama mmoja mjane, aliyeiamini sahihi yangu mimi mchungaji wake, alinijia na swali ambalo jibu lake lilikuwa katika kurasa nisizozifungua. Nikamjibu bila hata kukohoa. Akanishukuru, akaenda kuishi kwa jibu hilo. Yumo humu leo. Tukitoka hapa nitakwenda kwake kumwambia.

Sasa nashuka madhabahuni, nakwenda kuifuta sahihi yangu. Kalamu nitaiacha pale pale chini ya karatasi. Sitaita jina la mtu. Lakini wimbo wa mwisho hatutauanza mpaka kila mwenye cha kufuta awe amepita.