Mpiga Mbiu na Shimo la Bi Muhanga

"Paukwa, enyi kusanyiko!"

"Pakawa!"

Wakubwa kwa wadogo, nyamazeni mtege masikio, kwa maana Mwenyezi atamdai kila mwenye macho habari ya alichokiona.

Hapo zamani za kale Bi Muhanga alichimba shimo. Alichimba, chwaa, chwaa, kiangazi kizima, hata likawa na vyumba vitatu. Akampangisha Ngiri mpaka mvua za kwanza. Mawingu yalipotanda, akaja kulidai, naye alikuwa na mimba pevu.

"Bwana Ngiri, siku zetu zimetimia."

"Siku zipi, mama? Mimi nimekwisha kulizoea. Kachimbe jingine, si ndiyo kazi yako?"

Wakaenda kwa Hakimu Chui. Chui hakukawia. Akaamua kwamba shimo ni la Ngiri.

Basi mpiga mbiu wa baraza lile alikuwa Pimbi. Asubuhi ya hukumu alitumwa kumwita Ngiri. Akafika shimoni, akachungulia chumba cha nyuma. La haula! Watoto wawili wa Chui walikuwa wamelala humo. Hakimu alikuwa amewahifadhi wanawe katika shimo lile lile lenye kesi mbele yake! Pimbi akarudi kinyumenyume, moyo du, du, du. Hakumwambia mtu.

Bi Muhanga akamshtaki hakimu kwa Mzee Tembo, mkuu wa mwitu.

"Mlangoni mwangu nimenusa harufu ya chui, mzee wangu."

"Pua haitoshi, binti yangu," akasema Tembo. "Mlete aliyeona kwa macho, kesho adhuhuri. Asipotokea, utakuwa umemsingizia hakimu, nawe utauhama mwitu huu."

Bi Muhanga akamwendea Pimbi.

"Ndugu yangu, wewe huingia kila nyumba. Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Apa."

Pimbi akatazama chini.

Kesho yake wanyama wote wakakusanyika. Chui alikuwepo, ametulia, mkia wake ukipapasa mavumbi, swaa, swaa. Na ilikuwa desturi mpiga mbiu amwite shahidi mara tatu. Pimbi akapanda jiwe.

"Shahidi wa Bi Muhanga yuko wapi?"

Kimya.

"Shahidi wa Bi Muhanga yuko wapi?"

Bi Muhanga akashika tumbo lake. Ngiri akacheka, "Labda amekwenda kunywa maji!"

"Ita, Pimbi," akasema Chui kwa upole. "Imebaki moja. Kisha urudi kwenye ule ufa wako mdogo mwambani, karibu na mti wa tini. Naujua vizuri."

Pimbi akamtazama Bi Muhanga. Akamkumbuka Yeye asikiaye kilio cha mnyonge. Akafungua kinywa.

"Shahidi wa Bi Muhanga... ni mimi."

Akashuka, akasimama mbele ya Chui, karibu kiasi cha kuhesabu sharubu zake, akayasema yote. Chui akanguruma, Pimbi akafumba macho, lakini hakunyamaza.

Tembo akatuma wanyama shimoni. Watoto wa Chui wakatolewa, wakilia. Chui akavuliwa kiti cha hukumu siku ile ile, na Ngiri akafukuzwa. Mvua ikaanza. Bi Muhanga akawatazama wale watoto wakilowa.

"Hawa hawakumhukumu mtu," akasema. "Waingie wajikinge, mpaka mama yao apate makao."

Naye akajifungua salama humo. Lakini Pimbi, hata leo, jani likianguka hushtuka. Hofu haikumtoka. Alisema kweli akiwa nayo.

Ngano yangu nimeitua hapa, na funzo lake ni hili: hakimu asihukumu jambo lenye faida kwake, na aliyeona asimwache aliyeonewa peke yake. Ewe uketiye katika kiti cha hukumu, tubu, ushuke kabla hujashushwa. Nawe uliyeona ukafumba kinywa, rehema ingalipo: inuka leo, ukaseme.