Kuku wa Mama Mkwe

Mpo? Tupo! Milango ya midomo mmeifunga? Tumeifunga! Basi fungueni ya masikio.

Hapo kale na kale, enzi ambazo jogoo alikuwa bado analala juu ya mti kwa kuwa hajamwamini binadamu, palikuwa na mwanamke akiitwa Nyamizi. Mama yake alipokufa hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia kuku. Kuku tu! Na Nyamizi kila akiwatazama, alimwona mama yake. Wewe Sita, mwache mwenzio, sikiliza.

Siku moja mtetea mwekundu alichanika paja kwenye miiba. Nyie mnawajua kuku: wakiona damu kwa mwenzao hudonoa, hudonoa, mpaka wammalize. Nyamizi akalisafisha jeraha kwa maji ya chumvi, akalipaka utomvu wa shubiri, akamfunika mtetea kwa kapu nyuma ya nyumba, mbali na wenzake.

Hajanawa hata mikono, mara hodi! Mama mkwe, Kabula, huyo, jasho linamtiririka, kuku kwapani.

"Mwanangu, pokea zawadi."

Nyamizi akapokea. Lo! Mbawa zimelegea. Macho yanasinzia mchana kweupe. Na nyuma, manyoya yamelowa kinyesi cha kijani.

"Mama, huyu ni mzima kweli?"

"Mzima! Njia ndefu, kachoka tu. Mwachie."

Sasa, watoto, desturi ya kule ilikuwa hivi: kuku wa zawadi huachiwa katikati ya kuku wa mwenyeji, na aliyemleta hanywi maji mpaka amwone anadonoa na wenzake. Ukimtenga kuku, umemtenga aliyemleta. Nyamizi akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Akimwachia, je? Asipomwachia, je? Na Kabula yuko pale mlangoni, koo limemkauka, hanywi.

"Mama, tumfunike kwanza, hata siku chache."

"Umfunike? Kwani mimi mwizi? Mimi mchawi?"

Nyamizi akaona haya. Akamwachia. Kabula akanywa maji, akaenda zake.

Haukupita muda, balaa likaingia uani. Huyu anakohoa, yule anahema mdomo wazi, yule shingo imepinda anatazama mbinguni. Nyamizi mbio huku, mbio kule. Akawanywesha maji ya pilipili. Wapi! Kideri, ugonjwa huo wa kuku, hakisikii dawa, watoto, jana wala leo. Wakafa. Wakafa. Wakafa. Akachimba shimo refu akawazika wote, hakula hata mmoja, hakugawa hata kipapatio, na majirani wakamcheka kwa kufukia kitoweo. Kila alipotoka kwa wagonjwa alijisugua mikono na miguu kwa majivu, ndipo akaenda kwa yule mtetea mwekundu. Akiinua kapu roho inataka kumtoka. Yu hai? Yu hai. Kesho je? Yu hai.

Yule mtetea akapona, akataga, akaangua. Lakini Nyamizi hakupata raha. Kitu kilimwasha moyoni. Akaondoka mpaka kwa Kabula. Uani kimya, hata mlio wa kifaranga hakuna.

"Mama, kuku wako wako wapi?"

Kabula akaangua kilio. "Walikuwa wanakufa, mwanangu. Nikasema walau mmoja nimkimbizie kwako, abaki wa mbegu. Nilijua anaumwa. Nilijua, na maji yako nikayanywa."

Hasira zilimpanda Nyamizi. Kuku wa mama yake wale!

"Ungeniambia, mama, ningemtenga kuku. Sasa nifanye nini? Nikutenge wewe?"

Kabula akajifunika uso kwa viganja. Jibu la swali hilo hakulipata mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo maana wakubwa husema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuku akiumwa, sema. Wa mgeni, mweke kando, na mgeni akinuna, anune.

Kisa changu kimeingia bandani, mlango nimeufunga. Haya, inukeni, mkawatazame kuku wenu mbawa kabla hakujachwa.