Mwonjaji Asiyekuwa na Shingo

Hapo zamani, katika nchi ya milimani iitwayo Mzizimo, ambako watu huota moto hata katika miezi ambayo wenzao wa bondeni hulala nje, palikuwa na mfalme jina lake Hoza. Watu wa Mzizimo walikuwa wakulima wa mizabibu, na kwa ajili ya ile baridi zabibu zao zilikawia kuiva, zikaiva polepole kwa raha zake, zikatoa divai nyepesi, kali kidogo ulimini, yenye harufu ya kumfanya mgeni afumbe macho kabla hajanywa. Mfalme Hoza naye alikuwa na shamba lake na divai yake, na divai hiyo, wacha tuseme kweli maadamu mwenyewe amekwisha kufa, ilikuwa siki.

Basi kila mwaka baada ya mavuno, mitungi ya nchi nzima ililetwa barazani ikaonjwa na Waonjaji saba wa Mfalme, nao wakaupa kila mtungi alama katika mia. Waonjaji hao walikuwa watu wa maneno. Hapana hata mmoja wao aliyepata kusema divai hii ni tamu au hii ni mbaya. Hayo waliyaona maneno ya sokoni. Mmoja hufumba macho akanena, "Naona ngozi ya tandiko la punda, limelowa mvua ya kwanza." Wa pili akasema, "Nami naona fenesi, lakini kwa mbali, kama kwamba linapita njiani." Wa tatu huzungusha kikombe, kisha akasema, "Ina huzuni," na karani akayaandika yote. Ama divai ya Mfalme, mwaka nenda mwaka rudi haikupata chini ya tisini na tisa. Ile alama moja waliibakiza ili wasionekane kujipendekeza.

Na sheria ya nchi ilikuwa kwamba divai ipatayo chini ya hamsini, mizabibu yake ing'olewe na ardhi yake iwe ya Mfalme.

Katika nchi hiyo alikuwapo fukara mmoja aliyeitwa Singano. Hakuwa na shamba wala mbuzi, na shuka yake ilikuwa moja, akiifua hana budi kukaa ndani mpaka ikauke. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Ukimwambia aangalie moto, hukaa akauangalia huo moto mpaka chungu kikaungua. Aliyemvumilia ni mjane mmoja, Bi Mboni, ambaye kwa miaka sita alimpa kazi ya kuchuma zabibu, chakula, na pembe ya ghala ya kulala, wala siku moja hakumsimanga.

Ikawa mwaka huo Mfalme Hoza alitembelewa na mfalme wa nchi jirani, na katika karamu mgeni yule akashika kikombe, akanywa, akashusha pumzi. "Ndugu yangu Hoza," akasema, "kumbe ndivyo divai yako ilivyo!" Mtumishi, maskini ya Mungu, akajibu haraka, "La, Bwana, hiyo ni ya Bi Mboni. Ya Mfalme wetu ni ile uliyoimwaga kwenye maua." Tangu hapo Mfalme hakulala vizuri, na Waonjaji wake, ambao pua zao zilikuwa hodari kuliko zote katika kunusa hasira, wakajua la kufanya.

Siku ya kuonja ilipofika, Mwonjaji Mkuu, Bwana Shebuge, akaonja divai ya Mfalme, akatikisa kichwa kwa mapenzi, akasema, "Tisini na tisa." Kisha akaonja ya Bi Mboni. Singano, aliyekuwa nyuma amebeba mtungi, alimwona akimeza, akalamba midomo, akajisahau akakinyoosha kikombe aongezwe, kisha akazinduka.

"Haina adabu," akanena Bwana Shebuge. "Inaingia kinywani bila kubisha hodi. Arobaini na moja."

Bi Mboni akapiga magoti. "Ee Mfalme, mizabibu ile aliipanda marehemu mume wangu kwa mikono yake. Ndiyo inayonilisha mimi na wanangu watatu. Iking'olewa, twende wapi?"

"Sheria ni sheria, mama," akasema Mfalme, akitazama kwingine.

Singano alimtazama yule mama aliyemlisha miaka sita, amepiga magoti juu ya jiwe la baridi, na moyo ukamuuma mpaka akasahau kuogopa. Akautua mtungi, akajipenyeza mpaka mbele.

"Bwana wangu Mfalme, nasikia sheria ina mlango mwingine. Naomba isomwe yote."

Karani akamtazama Mfalme, Mfalme akaitikia kwa kichwa, naye akasoma: "Mwenye shamba asiyeridhika ana ruhusa ya kuleta mwonjaji wa nane, na alama zake zitasimama. Lakini mwonjaji huyo akiwapinga wale saba, akatwe."

"Akatwe nini?" akauliza Singano.

"Haikuandikwa."

"Mbona haikuandikwa?"

"Kwa kuwa tangu sheria hii itungwe, hakuna aliyekuwa mpumbavu wa kuuliza," akajibu karani, na baraza zima likacheka.

"Basi leo yupo," akasema Singano. "Mwonjaji wa nane nimemleta mimi."

Bi Mboni akamshika shuka. "Singano mwanangu, rudi! Mizabibu ikikatwa huota mingine. Shingo ikikatwa ndiyo basi tena."

"Mama, niachie tu," akamwambia, akaibandua mikono yake kwenye shuka.

Mfalme akafurahi, maana alipenda mambo yaishe mbele za watu. Akaamuru vikombe viwili viletwe, na askari mwenye upanga asimame karibu. Singano akavitazama vile vikombe. Kisha, badala ya kukiinua kikombe mpaka kinywani, akainama juu ya meza. Alikuwa na kile kishungi cha ndevu chini ya mdomo, kirefu, hakijapata kuona mkasi. Akafumba kinywa kabisa, akakichovya kile kishungi katika divai ya Mfalme, akakiacha humo kitambo, akakitoa kikitiririka. Akakipangusa vizuri, akakichovya katika divai ya Bi Mboni. Watu wakadhani woga umempa wazimu.

Alipokwisha, akasimama wima akatangaza, "Divai ya Mfalme, tisa. Divai ya Bi Mboni, tisini na moja."

Bwana Shebuge akaficha uso. Mfalme akasimama, mishipa imemtoka, akapaza sauti, "Sheria ni sheria! Mwonjaji akatwe!"

"Na akatwe," akasema Singano. "Mimi sina kinyongo. Lakini askari huyu umemwita bure, Bwana wangu. Mwite kinyozi."

"Kinyozi wa nini?"

Singano akawageukia watu, akashika zile ndevu zake zilizolowa. "Enyi watu wa Mzizimo, hiki hapa chini ya mdomo mnakiitaje?"

Watu wakajibu wote kwa pamoja, "Kionjamchuzi!"

"Basi leo hakikupata mchuzi, kimeonja divai. Je, yupo aliyeona hata tone moja likipita mdomoni mwangu?"

Hakuwapo. Askari mwenye upanga mwenyewe akatikisa kichwa.

"Mwonjaji ni huyu," akasema Singano. "Mimi ni mkalimani wake tu, na sheria niliyosomewa haikutaja mkalimani."

Kicheko kikaanzia nyuma ya baraza, kikaja mbele, kikamfikia karani aliyejifunika kwa daftari. Mfalme hakucheka. "Ewe fukara," akanena, "wataka niamini ndevu kuliko wataalamu wangu saba?"

"Mola akuweke, Bwana wangu. Wataalamu wako wana ndimi zenye elimu, hapana ubishi. Ila kila mmoja wao ana shingo, na divai yako wanaionja kwa shingo. Huyu wangu ndiye mwonjaji pekee katika baraza hili asiyekuwa na shingo ya kuogopea."

Mfalme akakaa chini. Akafikiri. Akamwita Bwana Shebuge mbele ya watu wote, akamwambia, "Naapa kwa kiti changu, hutakatwa chochote, wala shingo, wala ndevu, wala posho. Ionje tena divai yangu."

Bwana Shebuge akaionja tena. Mzee wa watu, miaka kumi na minane alikuwa ameumeza ukali ule akitabasamu. Sasa uso wote ukamkunjamana, machozi yakamtoka.

"Nena," akasema Mfalme.

"Tisa, Bwana wangu," akajibu kwa sauti ndogo. "Na hizo tisa ni za mtungi."

Hapo Mfalme akakitwaa kikombe akanywa mwenyewe. Akatema. Akaliangalia baraza lake, waonjaji saba wameinama, askari anauma mdomo, ikambidi acheke, kwanza kwa aibu, baadaye kwa kweli. Akamwuliza Bi Mboni, "Mama, kwani mimi nilikosea nini? Mizabibu si ni ileile?"

Bi Mboni akainuka pale alipopiga magoti. "Ni ileile, Bwana wangu. Lakini wewe uliipanda kileleni, ili pasiwe na shamba juu ya lako. Huko kuna sakitu, majani yanaganda kabla zabibu hazijaona jua. Sote tulijua."

"Na nifanyeje?"

"Teremka, Bwana."

Kinyozi akaitwa, sheria ikatimizwa, na kile kishungi kikaanguka sakafuni mbele ya mashahidi. Mizabibu ya Bi Mboni ikabaki mahali pake, naye akapewa hati yenye mhuri kwamba haitaguswa, yeye na wanawe baada yake. Mfalme akataka kumfanya Singano Mwonjaji Mkuu siku ileile, kwa joho na nyumba ya mawe.

Singano akajipapasa kidevu kilichobaki kitupu. "Bwana wangu, nyumba naipokea leo, na joho pia, maana shuka yangu mmeiona. Ila kazi itangoja. Mwonjaji mwenyewe mmemkata, ngojeni aote."

Hapo ndipo hekaya hii inapoishia. Nawe uliyeionja, ipe alama uzionazo, wala usimwogope mtu.