Dundu Apiga Hodi kwa Bi Kinywa

Hapo zamani za kale, wadudu walipokuwa bado wanapika na kupakua kama sisi, Nyenyere, sisimizi mdogo kuliko wote, aliishi kando ya kinamasi na wanawe.

Kila alipoipua chungu tu, puu! puu! Dundu huyo, mdudu mnene wa gamba gumu, tumbo mbele, anaingia bila hodi.

"Shemeji, leo mmepika nini?"

Ushemeji wenyewe haujulikani ulitoka wapi. Alikula mpaka ukoko, akaramba na mwiko. Watoto walilala njaa, na Nyenyere aliumia moyoni. Amfukuze? Wewe ungeweza kumsukuma dundu?

Siku moja akamwambia, "Shemeji, hapa unakula makombo tu. Kwa jirani, Bi Kinywa, asali inachuruzika mlangoni!"

Bi Kinywa alikuwa mmea. Udongo wa kinamasi haukumshibisha, basi akajiongezea kitoweo kwa kula wageni. Jani lake lilikaa wazi kama viganja viwili, meno pembeni, vinyweleo ndani. Nyenyere alikwisha kuona: kinyweleo kikiguswa mara moja, kimya. Kikiguswa tena, pap!

"Ila anapenda adabu. Vuta kinyweleo, useme hodi. Asipoitika, vuta tena."

Dundu akakunja uso. "Mbona huendi wewe? Tangulia!"

Lahaula! Hilo Nyenyere hakulipanga. Akaogopa kweli, lakini akawakumbuka wanawe, akaingia huku akivikwepa vinyweleo.

Dundu akafuata. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wenyewe!"

Pap!

"Shemeji, mbona giza?"

"Tulia, ndiyo chakula kinatengwa." Nyenyere akapenya katikati ya meno, huyoo, nje!

Dundu naye akajaribu. Kichwa kikachungulia, tumbo likagoma.

"Shemeji! Tumbo halipiti!"

"Najua, shemeji. Nimelilisha mwenyewe."

Kadiri alivyopiga mateke, ndivyo jani lilivyozidi kubana. Maji makali yakamtoka Bi Kinywa, chururu, yakamlainisha Dundu mpaka akawa mchuzi. Bi Kinywa akaunywa wote, wala hakusema ahsante.

Jani lilipofunguka, lilibaki gamba tupu. Nyenyere na wanawe wakalikokota nyumbani, likawa mfuniko wa chungu, na siku hiyo watoto wakala wakashiba.

Nami nakifunika chungu changu cha hadithi hapa, wanangu: ukienda kwa watu piga hodi, na ukishaonja chao, waache nao wale.